PIMA UDONGO KABLA YA KUCHIMBA KARO
Maelezo kwa Wenye Viwanja wa Igogo na Mwambao wa Ziwa

Sisi tufundishao kilimo tumezoea kuulizwa, "Udongo huu wafaa zao gani?" Siku hizi watu wa Igogo na vitongoji vingine vya Mwanza huuliza swali jingine: "Kiwanja hiki chafaa karo?" Tena wengine huongeza: "Kikionekana hakifai, je, nitapunguziwa kodi?" Waraka huu unajibu maswali hayo mawili kwa utaratibu. Jibu la kwanza hulipata mtu kwa jembe, debe la maji na saa. Jibu la pili limo katika sheria, nalo silo ambalo wengi hulitazamia.

1. KAZI YA KARO NA KAZI YA UDONGO

Karo, ambalo wengine huliita septiki, ni tangi lijengwalo ardhini kupokea maji ya choo na ya bafu. Ndani yake uchafu mzito huzama chini, mafuta na povu huelea juu, na vijidudu vikaavyo pasipo hewa hula sehemu ya uchafu ule. Maji ya katikati hutoka kwa bomba na kwenda katika shimo la kunywea au katika mifereji iliyojazwa kokoto, na humo huzama ardhini.

Watu wengi hudhani kwamba maji yatokayo katika karo yamekwisha kuwa safi. Sivyo. Bado yamebeba vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu, pamoja na mayai ya minyoo. Kinachoyasafisha ni udongo wenyewe. Maji yakipita polepole katika udongo wenye hewa, vijidudu hunaswa kati ya chembe zake, hukosa chakula, hufa. Basi karo ni nusu ya kazi, na udongo ni nusu ya pili. Mtu ajengaye karo zuri la saruji mahali ambapo udongo haufai amelipia nusu ya kwanza tu, na nusu ya pili watailipa majirani zake kwa afya zao.

2. UDONGO WETU NA MAJINA YAKE

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani katika mkoa wa Tanga, alieleza kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa utaratibu kutoka kilimani hata bondeni, kama pete za mnyororo mmoja. Wakulima wa Usukumani walikuwa wakilijua jambo hilo tangu zamani, na ndiyo maana kila pete ya mnyororo huo ina jina lake katika lugha yao.

Juu kabisa ni lugulu, mlima wa mawe, ambapo udongo ni haba na mwamba u karibu. Chini ya mawe huja luseni, udongo wa mchangamchanga uliomomonyoka kutoka katika mawe hayo. Hapo muhogo na karanga hustawi, kwa kuwa maji hayatuami. Isanga nao ni mchanga wenye kina. Tukizidi kushuka twaufikia itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini yake. Mwisho bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi.

Mkulima wa mpunga aupenda itogolo kwa sababu tabaka lile gumu huyashika maji katika majaluba yake. Kwa sababu iyo hiyo ardhi hiyo haifai karo: mahali pashikapo maji ya mvua kwa ajili ya mpunga patashika na maji ya choo, nayo yatatokea juu uani. Mbuga ina hila zaidi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana, na maji yakimwagwa humezwa mara moja, hata mtu asiyejua akafurahi. Mvua ikinyesha, mfinyanzi huvimba, nyufa hufunga, na hapana tone lipitalo.

Igogo, kama sehemu nyingi za Mwanza, ni lugulu. Nyumba zimepanda mlima kati ya mawe makubwa, juu ya bandari ya Mwanza Kusini na maji ya ghuba. Hapa lipo kosa moja linalotupasa kulitaja waziwazi. Mtu huchimba shimo, hukuta ufa kati ya mawe, naye hujisifu kwamba choo chake hakijai kamwe. Shimo lisilojaa katika mlima wa mawe si jambo la kujisifia. Maji yale hayakunywewa na udongo. Yamepita katika ufa kama katika bomba, bila kusafishwa, nayo hutokea chini kwa jirani, katika chemchemi, katika mfereji, na mwisho ziwani. Na ziwa hilo ndilo tunywalo: chanzo cha maji cha Capri Point ki ng'ambo ya ghuba hiyo hiyo. Maji ya bomba husafishwa kabla ya kugawiwa, lakini mtoto aogaye ufuoni na mama achotaye kwa ndoo hawana mtambo wa kuwasafishia. Kichocho cha tumbo pia huingia ziwani kwa njia hiyo ya kinyesi, hukua ndani ya konokono, kisha hurudi mwilini kwa kupenya ngozi.

3. NAMNA YA KUPIMA

Kipimo hiki hakikuanzia kwetu. Katika miaka ya 1920 Henry Ryon wa jimbo la New York, Marekani, alichimba mashimo madogo, akayajaza maji, akatazama yanazama kwa muda gani, kisha akalinganisha na mifereji ya karo iliyofanya kazi vizuri na ile iliyoshindwa. Tangu hapo nchi nyingi zimefuata njia hiyo. Namna ifuatayo ni ile itumikayo Uingereza, nayo haihitaji chombo cha gharama.

Kwanza, chimba shimo la kutazamia. Liwe na kina cha mita 2 na nusu, au mpaka ukute mwamba. Litazame kwa siku kadhaa. Ukikuta mwamba, au maji yakijikusanya chini, pima kina chake. Kati ya chini ya mifereji na maji ya ardhini pawe na udongo mkavu usiopungua mita 1 na nusu, na juu ya mwamba wenye nyufa vivyo hivyo. Tazama pia rangi ya kuta. Udongo wa rangi moja, mwekundu au wa kahawia, una hewa. Udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu wakuambia kwamba maji husimama hapo wakati wa masika, ijapokuwa leo ni mkavu. Usiingie peke yako katika shimo refu, maana kuta zaweza kuporomoka. Tena ulifunike usiku, watoto wasitumbukie.

Pili, ikiwa shimo hilo halikukatisha tamaa, chimba mashimo mawili au matatu ya kupimia mahali ambapo mifereji itapita. Shuka kwanza mpaka kina cha mifereji, yaani sentimita 60 hadi 90. Hapo chini chimba kishimo cha mraba, sentimita 30 kila upande na sentimita 30 kwenda chini. Jembe hulainisha kuta na kuziba matundu ya udongo. Kwa hiyo zikwaruze kidogo kwa kisu, na kuutoa udongo uliolegea.

Tatu, kijaze kishimo maji. Debe moja na nusu hivi litatosha. Kisha kiache mpaka kesho yake. Usiiruke hatua hii. Udongo mkavu hunywa kwa pupa kama mtu mwenye kiu, na kipimo cha udongo mwenye kiu ni kipimo cha uongo. Hasa katika mbuga, usiku mmoja wa maji ndio ufichuao hila ya nyufa.

Nne, kesho yake kijaze tena maji kamili. Simamisha kijiti kilichotiwa alama kila sentimita. Maji yakishuka mpaka robo tatu ya kishimo, anza kuhesabu kwa saa; yakifika robo ya mwisho, acha. Hizo ni sentimita 15 za katikati, yaani milimita 150. Rudia mara tatu katika kila kishimo, kisha tafuta wastani wa vipimo vyote.

Usipime wakati mvua kubwa inanyesha. Shimo la kutazamia, kinyume chake, hufaa litazamwe mwishoni mwa masika, kwa kuwa ndipo maji ya ardhini huwa yamepanda juu kabisa.

4. KUSOMA JIBU

Geuza dakika zako kuwa sekunde, kisha gawa kwa 150. Utapata idadi ya sekunde ambazo maji huchukua kushuka milimita moja. Kipimo cha Uingereza hukubali kuanzia sekunde 15 hadi 100. Kwa maneno mengine, zile sentimita 15 zikimalizika kabla ya dakika 38 hivi, udongo una haraka mno na hausafishi; zikipita saa 4 na dakika 10, udongo ni mzito mno na maji yatarudi juu. Kinachotakiwa ni katikati. Kumbuka neno hilo, kwa maana wengi hudhani kwamba kadiri maji yanavyotoweka upesi ndivyo kiwanja kilivyo kizuri.

Lakini kupita katika kipimo hakutoshi. Lazima nafasi iwepo. Zidisha idadi ya watu wa nyumba kwa sekunde ulizopata, kisha gawa kwa 4. Jibu ni mita za mraba za sakafu ya mifereji. Chukua mfano. Maji yameshuka zile sentimita 15 kwa saa 2, yaani sekunde 7,200. Ukigawa kwa 150, utapata 48. Nyumba ina watu 8. Mara 8 ni 384. Ukigawa kwa 4, ni mita za mraba 96. Nyumba ya vyumba vya kupangisha yenye watu 20 itahitaji mita za mraba 240. Basi kiwanja cha mita 15 kwa 20 kina mita za mraba 300 tu, na nyumba yenyewe bado haijapata mahali pa kukaa. Ni kweli kwamba hesabu hii yawafikiria watu watumiao maji mengi, na nyumba ichotayo kwa ndoo hutoa maji machache. Lakini bomba likiingia ndani na choo cha kuvuta kikawekwa, hesabu hiyo hukaribia upesi.

Angalia pia umbali. Shimo la kunywea liwe mbali na kisima kwa mita 30 kwa uchache, na lisiwe upande wa juu wa kisima hicho. Kwa habari ya ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekinga ukanda wa mita 60 kutoka ufuoni. Hapo usichimbe kitu, hata udongo ukiwa mzuri namna gani.

5. JE, KIWANJA KISICHOFAA HUPUNGUZIWA KODI?

Sasa tulifikie swali la pili. Habari hii imeenea kwa sababu ina ukweli katika nchi za mbali. Marekani, katika sehemu nyingi, kodi ya ardhi hufuata thamani ya ardhi. Mahali ambapo bomba la majitaka la mji halijafika, kiwanja kilichoshindwa kipimo cha udongo aghalabu hakipewi kibali cha nyumba. Kisichojengeka bei yake huanguka. Basi mwenyewe huweza kumpelekea mthamini jibu la kipimo na kuomba kodi ipunguzwe.

Kwetu Tanzania mambo ni mengine. Kodi ya majengo ni ya jengo, si ya udongo ulio chini yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 90,000 kwa kila ghorofa ya nyumba ya ghorofa mijini. Tangu mwaka 2021 fedha hizo hukatwa kidogo kidogo pale mtu anunuapo umeme wa LUKU. Kwa kiwango hicho nyumba iliyo juu ya luseni laini na nyumba iliyo juu ya jiwe tupu Igogo hulipa sawasawa. Kodi ya pango la ardhi, ambayo ni tofauti, hulipwa na mwenye hati, nayo hutazama ukubwa wa kiwanja, matumizi yake na thamani ya ardhi ya mahali pale. Kwa hiyo usichimbe shimo la kupimia kwa tumaini la kupunguziwa kodi. Na mtu akikuahidi, kwa malipo, cheti cha udongo cha kukuondolea kodi, mkimbie.

Msamaha wa kweli uko mahali pengine, na wapo wazee wanaoukosa kwa kutojua. Mwenye nyumba aliyetimiza miaka 60, kwa nyumba moja akaayo mwenyewe, husamehewa kodi ya majengo. Mtu mwenye ulemavu naye husamehewa kwa masharti ya sheria. Mashine ya LUKU haijui umri wa mtu. Hapana budi mwenyewe aombe, akiwa na kitambulisho chake, na ofisi ya serikali ya mtaa itamwelekeza mahali pa kupeleka ombi. Tena mpangaji ajue kwamba kodi hii ni deni la mwenye nyumba. Ikiwa imekatwa katika umeme alionunua yeye, na wapatane kuiondoa katika pango.

6. KIWANJA KISIPOFAA, UFANYEJE?

Jibu baya la udongo si hukumu ya kuhama. Ni onyo kwamba maji yako yasiachiwe ardhi ya hapo. Ziko njia.

Ya kwanza, na iliyo bora kwa milima ya mawe, ni mabomba madogo ya majitaka yapitayo juu au karibu na uso wa ardhi, kutoka nyumba hata nyumba, mpaka bomba kuu. Njia hii ilianza Brazil, katika mji wa Natal, miaka ya 1980, mahali ambapo mitaa ilisongamana na bomba la kawaida halikuwezekana. Mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, imeyalaza mabomba ya namna hiyo katika milima ya mji, Igogo ikiwamo. Bomba likiwa linapita karibu nawe, kuunganishwa ni bora kuliko karo lolote. Lakini litunzwe: bomba jembamba huzibwa na matambara, mchanga na taka za jikoni, na nyumba moja ikiziba, nyumba zote za juu yake hufurikiwa.

Ya pili ni tangi lililofungwa pande zote na chini, lisilovuja, ambalo hunyonywa na gari la majitaka. Kabla ya kujenga hakikisha kwamba gari laweza kufika, au mpira wake wafika. Tangi zuri lisilofikiwa na gari ni tangi litakalofurika.

Ya tatu ni choo kilichoinuliwa juu ya ardhi, chenye vyumba viwili vya kupokezana, kitenganishacho mkojo na kinyesi. Chumba kimoja kikijaa hufungwa, na kinyesi hukaushwa kwa majivu muda mrefu kabla ya kutolewa. Hakihitaji maji wala shimo. Huhitaji watu wenye kushika taratibu.

Na iko njia ya nne, ambayo wote twaijua: kutapisha choo wakati wa mvua, kwa kutoboa ukuta usiku na kuachia kinyesi kiende na maji. Mwenye kufanya hivyo huokoa fedha ya gari la majitaka. Lakini mlimani maji hayana njia ila kushuka, na chini kuna watu. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilienea mikoa mingi, na Mwanza haikusalimika. Ugonjwa huo haukumuuliza mtu kama yeye ndiye aliyetoboa choo au ni jirani yake.

7. NENO KWA ANUNUAYE KIWANJA

Faida kubwa ya kipimo hiki ni kwa yule ambaye fedha yake bado i mfukoni. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji ruhusa ya kuchimba, na muandikiane kwamba mapatano yatatimia udongo ukifaa. Muuzaji mwaminifu hataogopa shimo. Kazi ni ya siku chache na vibarua wawili. Hasara ya kujenga karo lisilonywa ni ya maisha yote ya nyumba.

Andika majibu katika daftari: tarehe, mahali pa kila kishimo, kina, dakika za kila mara, na mwamba au maji uliyoyakuta. Mpelekee Bwana Afya wa kata daftari hilo pamoja na ramani ya nyumba, kabla ya kuomba kibali cha ujenzi kwa Halmashauri. Yeye atakuambia kama ujenge karo, uunganishe bomba, au utafute njia nyingine. Usianze kuchimba mpaka umepata jibu lake.